Mshika Kamba wa Kisima cha Bi Mwanakuu

Ganjoni, Mombasa
9 Juni 2025

Mpwa wangu Mwende,

Pokea salamu za nyumba hii. Sheryl amepewa kufundisha darasa la nne mwaka huu na naambiwa sauti imemkauka. Mimi baba yake siwezi kuthibitisha. Mama yako alipita hapa wiki jana akatuachia kilo mbili za ndengu na malalamiko ya goti, la kushoto. Sikio langu la kulia limekufa kabisa. La kushoto bado linasikia mlango ukigongwa kwa ngumi. Simu siisikii, na Sheryl akinisomea ujumbe huuchuja kwanza. Kwa hiyo tuandikiane kwenye karatasi kama zamani, na tarehe juu.

Unajua tangu nistaafu natengeneza pampu za maji. Jumanne iliyopita niliitwa Mji wa Kale kwa Bi Mwanakuu, mjane, anaishi na mwanawe Jaffar. Kisima chake si cha kutumbukiza ndoo. Kina vidato kumi na tisa vilivyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, vinashuka kutoka uani hadi kwenye chumba chenye maji, ukubwa wa chumba cha kulala. Bomba lilikuwa limeziba. Nilishuka nikalizibua. Nilipomulika tochi ukuta wa upande wa bandari nikaona tundu lenye upinde, na ndani yake maji yalikuwa yakitetemeka kama hewa juu ya bati la moto.

Maji hufanya hivyo mahali pamoja tu, pale matamu yanapokutana na ya chumvi. Nimeyaona mara mbili maishani. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 17 Oktoba 1991.

Kisa hicho hujapata kukisikia kwangu. Nilikuwa mpiga mbizi wa kampuni ya kuopoa vyombo. Tulikuwa tunatafuta nanga iliyopotea mbele ya Mji wa Kale, kina mita kumi na nne. Kwenye mwamba nikaona maji yanatetemeka, baridi, yakitoka kwenye ufa. Nikatoa kifaa cha kupumulia mdomoni, nikaonja. Matamu. Nilipopanda niliandika hivyo kwenye daftari la mbizi. Msimamizi alipiga mstari juu ya sentensi yangu akaandika pembeni: "Mpiga mbizi alichoka." Nikaondolewa majini miezi mitatu kwa kutiliwa shaka akili yangu. Nilimwomba mshika kamba wangu, Seth, aliyekuwa juu ameshika kamba niliyofungwa, atie sahihi chini ya sentensi yangu kama shahidi. Alikataa. Tangu siku hiyo nikaitwa Crispus wa Maji Matamu, na hawakuwa wakinisifu.

Kutoka kisima cha Bi Mwanakuu hadi ukingo wa bandari ni hatua 212. Nimezihesabu mara mbili.

Jaffar anataka kukifunika kisima kwa zege mwezi wa Desemba. Kabla hajafunika nataka mtu azamishe uso mle ndani na aseme maji yanatoka wapi. Wewe ni mwandishi wa habari na watu hukuamini. Njoo na miwani ya majini.

Mjomba wako,
Crispus Mumo


Kisumu
30 Juni 2025

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilifika ikiwa na harufu ya grisi. Mimi mzima. Nyumba niliyopanga imepakwa rangi upya, kijani ya hospitali, na mwenye nyumba anangoja nimshukuru. Mpe Sheryl pole ya sauti. Goti la Mama nimelisikia kutoka kwake mwenyewe kwa dakika arobaini.

Sasa kisima. Miaka ishirini na mmoja ya kazi hii imenifundisha kutokuandika kitu nilichoambiwa na mtu mmoja, hata akiwa mjomba wangu. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimesimama. Nijibu kwa namba, tafadhali. La kwanza, tundu lina upana gani, na upinde uko juu ya maji au chini yake? La pili, watu wa nyumba ile wanayanywa maji hayo? La tatu, ukurasa wa 1991 uko wapi? La nne, Seth yu hai, na alikupa sababu gani ya kukataa? La tano, daktari wa masikio anasemaje kuhusu wewe na maji, na mara ya mwisho ulizamisha kichwa lini? La sita, Bi Mwanakuu mwenyewe anakielezaje kisima chake?

Ukinijibu yote, nitaomba likizo.

Mpwa wako,
Mwende


Ganjoni
14 Julai 2025

Mpwa wangu,

Salamu. Tumekuwa na mvua ya siku nne na ngazi za jengo letu zimeota ukungu. Sheryl amepona sauti. Najua kwa sababu majirani wamerudi kumwangalia kwa jicho baya.

La kwanza: upana sentimita 80. Maji yakipwa, upinde huonekana, unabaki uwazi wa viganja viwili kati ya maji na jiwe. Maji yakijaa hauonekani kabisa. La pili: wanafulia na kuoshea vyombo. Ya kunywa wananunua. La tatu: ukurasa ninao. Kampuni ilipofungwa mwaka 2003 madaftari yalitupwa nje, nikaenda nikapekua hadi nikaupata. La nne: Seth yu hai, anakaa Kibarani. Alisema, "Mimi nimeshika kamba tu." Hatujaongea tangu 1991, isipokuwa msibani mara moja, kuhusu viti. La sita: Bi Mwanakuu sikumuuliza. Yeye ni mwenye nyumba. Maji nayajua mimi.

Nina swali moja tu kwako. Umewahi kuzamisha kichwa majini tangu siku ile ya ufukweni Liwatoni, ulipokuwa na miaka tisa?

Mjomba wako,
Crispus

(Nyuma ya bahasha, kwa kalamu nyekundu ya mwalimu: Dada Mwende, ni mimi Sheryl. Baba amekuandikia namba ngapi? Hesabu vizuri. Usimwambie nimeandika.)


Kisumu
2 Septemba 2025

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilitumwa Turkana kuandika habari za visima vilivyokauka, nikakaa wiki sita, na barua yako ikakaa sandukuni ikinisubiri. Fikiria: mchana kutwa nahesabu ndoo zisizo na maji, kisha narudi kukuta mjomba ana maji asiyojua yanakotoka. Huku sasa ni joto na dagaa wamepanda bei. Nimeanza kazi fulani za Jumamosi na bwana mmoja aitwaye Joab, kwa hiyo usishangae nikiwa mgumu kupatikana mwisho wa wiki.

Nimehesabu majibu yako. Yako matano. Mtu aliyeishi kwa kuhesabu mita na dakika haruki namba kwa bahati mbaya. Nauliza tena la tano.

Nimeomba likizo kuanzia tarehe 20 Novemba, siku nne. Chagua siku ambayo maji yatakuwa chini kabisa. Vifaa nitaleta miwani na mrija wa kupumulia. Wewe una seti yako, au nikutafutie?

Mwende


Ganjoni
19 Septemba 2025

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Mama yako amenunua bandeji ya goti na analalamikia bandeji. Nami nasumbuliwa na fundi wa paa, ambaye kila akija hugundua tundu jipya.

Naona umeuliza swali lako mara mbili na langu hukuligusa. Tuendelee na kazi.

Tutakwenda Jumamosi tarehe 22 Novemba. Mwezi utakuwa umeandama siku mbili kabla, kwa hiyo ni bamvua, na bahari hupwa sana. Kwenye jedwali la bandari maji yatakuwa chini kabisa saa nne na dakika hamsini asubuhi. Tufike saa nne na nusu. Nimelisoma jedwali hilo kwa miaka thelathini na halijanidanganya.

Vifaa: tochi mbili, kamba ya mita ishirini, chupa tatu zenye vifuniko. Mapezi ya miguuni usilete, chumba ni kidogo na utachafua maji. Kazi yenyewe si ya kuzamia. Ni ya kuelea kifudifudi, uso majini, mrija juu, na kupita chini ya upinde taratibu. Nyuma yake naamini kuna chumba cha pili.

Atakayeingia atafungwa kamba kiunoni. Ishara ni zile zile tulizotumia kazini. Kuvuta mara moja: niko salama. Mara mbili: legeza. Mara tatu: narudi. Mara nne: nivute. Zaidi ya hapo hakuna.

Jaffar ameshaagiza saruji. Anasema ataruhusu siku moja tu, na kwamba tukifia kisimani mwake ataona aibu kwa majirani.

Crispus

(Nyuma ya bahasha: "Atakayeingia." Soma hapo tena, Dada. S.)


Kisumu
11 Oktoba 2025

Mjomba, shikamoo.

Huku salama, isipokuwa nina chunusi za dawa ya bwawa mgongoni. Nitaeleza.

Nimesoma "atakayeingia" mara mbili kama nilivyostahili. Miezi minne tunapanga safari ya watu wawili, na kila mmoja anamngoja mwenzake azamishe kichwa. Basi nianze mimi, maana mimi ni mdogo.

Sijui kuogelea. Jibu la swali lako ni hapana, sikuwahi, tangu Liwatoni. Nimeandika habari za mafuriko mara saba na za kivuko mara nne, zote nikiwa nimesimama pakavu. Joab ni mwalimu wa kuogelea kwenye hoteli moja hapa. Jumamosi najifunza darasa moja na watoto wa miaka minane. Wananiita Shangazi Nanga. Jumamosi ya kwanza nilishika ukingo saa nzima. Leo nimeelea kifudifudi na mrija mdomoni kwa dakika sita na nusu, Joab akihesabu kwa saa yake. Anasema nikiacha kukunja vidole vya miguu nitafika mbali.

Kwa hiyo swali la tano silikuulizi kwa sababu nataka kukukataza. Nataka kujua tu ni nani atakayekuwa ndani.

Mwende


Ganjoni
20 Oktoba 2025

Mwende,

Tu wazima wote.

La tano. Ngoma ya sikio la kulia ilipasuka mwaka 2016. Daktari alisema maji yakiingia humo nitapoteza kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Sijazamisha kichwa tangu tarehe 3 Machi mwaka huo. Naoga kwa kopo. Sheryl anajua. Nilidhani nikifika pale kisimani nitapata njia.

Utaingia wewe. Mimi nitashika kamba.

Kuhusu Liwatoni. Nilikuachia mkono nione kama utaelea, nikahesabu hadi nne. Ilitakiwa niishie mbili. Mama yako alikuwa na haki ya kunikasirikia.

Kunja vidole ukitaka. Havizuii kuelea.

Crispus


Kisumu
30 Novemba 2025

Mjomba, shikamoo.

Nilifika salama Jumapili jioni. Msalimie Sheryl, mwambie kibakuli cha mbaazi kimefika bila kumwagika. Najua tulikuwa pamoja wiki iliyopita na unaweza kushangaa kwa nini nakuandikia kilichotokea. Sababu ni hii: nilipotoka majini nilisema kwa dakika kumi mfululizo, na wewe ulikuwa unaitikia kwa kichwa bila kusikia hata neno. Ulinitazama mdomo, lakini nilikuwa natetemeka. Jioni ile mama alikuwepo na goti lake. Kwa hiyo hii ndiyo taarifa kamili. Nimeiandika kama daftari la mbizi, na sehemu ambazo hukuzisikia nimeziongeza.

Saa nne na nusu tulikuwa kwenye kidato cha kwanza. Maji yalifika kidato cha kumi na mbili. Upinde haukuonekana. Saa tano kasoro dakika kumi, yaani wakati jedwali lilisema maji yako chini kabisa, yalikuwa kidato cha kumi na tatu. Ulilitoa jedwali mfukoni ukaangalia tarehe, ukaangalia mwezi, ukaangalia mwaka. Jaffar akasimama juu yetu akaniambia, "Huyu mjomba wako si ndiye ajuaye maji?" Hukumsikia, na mimi sikukutafsiria. Kisha akanitazama mimi. "Na wewe ndiwe wa kuingia? Mbona waushika ukuta hivyo, wataka kwenda nao?"

Tuliketi. Saa sita kasorobo Bi Mwanakuu akashuka na mahamri kwenye sinia. Haya ndiyo mazungumzo, neno kwa neno:

"Mwangoja nini, wanangu?"

"Twangoja maji yapwe, Bi."

"Maji gani? Ya bahari au yangu?"

Nikamwonyesha jedwali. Alilishika mbali na macho yake kama mtu anayepewa samaki wa jana.

"Hii ni ya bahari. Leo bahari yapwa saa tano. Kisima changu chapwa saa nane kasorobo. Kila siku chachelewa hivyo, bahari yatangulia, chenyewe chafuata. Nimeolewa nyumba hii miaka hamsini na mbili, nafua kwa saa yake. Hamkuniuliza?"

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari nikakupa usome. Ulisoma, ukafumba macho kidogo. Hapo ndipo uliponiandikia chini yake: "Swali la sita." Wengine walidhani umekasirika. Mimi nilijua unahesabu. Kama kisima kinaifuata bahari kwa karibu saa tatu, basi kuna njia kati yao, na ni nyembamba. Bi Mwanakuu alikuwa na ushahidi huo tangu siku ya arusi yake, na sisi tulikaa miezi mitano tukiandikiana.

Saa saba na nusu upinde ulitokea. Saa nane kasoro dakika kumi kulikuwa na uwazi wa viganja viwili, kama ulivyosema. Nikavaa miwani. Nilizamisha uso mara ya kwanza nikatoka baada ya sekunde nne. Jaffar akasema, "Karudi na habari!" Mara ya pili nilikaa.

Chumba cha kwanza: sakafu ya mchanga mweupe, kopo moja la rangi, kijiko, na sandali ya mtoto ya plastiki. Maji yanaonekana hadi chini. Nilipita chini ya upinde nikisikia mrija unakwaruza jiwe juu yangu. Ulilegeza kamba bila kuombwa na nilishukuru. Nilitumia mita tisa za kamba.

Chumba cha pili: urefu kama mita tano, upana mita tatu, dari ya chini. Giza, tochi tu. Kulikuwa na uduvi mmoja mweupe. Sikumkaribia kiasi cha kuona kama ana macho. Urefu wa mkono mmoja chini ya uso wangu maji yalianza kutetemeka. Uliyafananisha na hewa juu ya bati la moto. Mimi ningesema ni kama kutazama kupitia kioo cha dirisha la zamani, lakini mfano wako unafaa. Ukuta wa nyuma, upande wa kulia, kuna ufa wenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Mchanga mbele yake ulikuwa unaruka, punje kwa punje, na haukuacha. Nikaweka shavu. Baridi. Punje zilielekea upande wa bandari. Nikajaza chupa tatu: ya juu, ya chini ya ule mtetemeko, na ya ufani.

Sasa kamba. Nilipotoka uliniwekea vidole vitano usoni ukiuliza. Nilikujibu na hukusikia. Jibu ni hili: nilivuta mara tano bila maana yoyote. Nilipoona mchanga unaruka nilianza kucheka, mrija ukaingia maji, nikautoa nikashika kamba nikasahau kuhesabu. Samahani. Najua hakuna ishara ya tano.

Chupa nimezipima hapa kwa kifaa cha rafiki yangu anayechunguza maji ya ziwa. Chumvi, gramu kwa lita: ya juu moja na nukta mbili, ya chini kumi na nne, ya ufani sifuri nukta sita. Bahari ni thelathini na tano. Kwa hiyo maji yanayotoka ufani ni matamu, na hayatoki baharini. Yanakwenda huko.

Kama ni yale yale uliyoonja mwaka 1991, sijui. Ni upande ule ule, umbali wa hatua 212. Zaidi ya hapo siwezi kuandika, na gazetini sitaandika chochote kuhusu mwaka 1991 kwa sababu nina shahidi mmoja. Najua si ulichotaka kusikia.

Naambatanisha nakala ya taarifa. Chini kuna mstari wa shahidi. Tafadhali tia sahihi unirudishie. Na chupa ya ufani, nusu iliyobaki, nimemtumia Sheryl kwa mkono wa mwenzangu anayekuja huko.

Mwende


Ganjoni
13 Desemba 2025

Mpwa wangu Mwende,

Salamu kutoka kwetu sote. Shule zimefungwa, Sheryl amelala siku tatu. Mama yako amekubali kwamba bandeji inasaidia, lakini anataka jambo hilo lisisambae. Chupa ilifika.

Zege limemwagwa tarehe 8. Jaffar alitaka kufunika pote. Mama yake aliketi kwenye kidato cha kwanza na beseni la nguo akasema hatoki. Wameacha mfuniko wa chuma. Nimeupima: sentimita 60 kwa 60. Mabega yako yanapita.

Taarifa yako ni nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuandika. Nilipofika kwenye mstari wa shahidi nilishika kalamu. Kisha sikutia sahihi. Umeandika kuhusu uduvi, mchanga na ufa. Mimi sikuviona. Nilikuwa kidato cha kumi na tano, nimeshika kamba tu.

Nilipojisikia nikisema hivyo, nilivaa viatu nikaenda Kibarani.

Seth ana nyumba ndogo ya mabati juu ya barabara, upande wa juu wa pale palipokuwa jaa. Amepungua. Alinitambua kabla sijafika mlangoni. Kwa kuwa sisikii, alichukua daftari la hesabu la mjukuu akaandika: "Miaka 34. Umekuja kuhusu viti?"

Nikampa taarifa yako. Aliisoma yote na miwani yenye mkono mmoja. Nikampa chupa. Akaonja, akatemea nje, akaandika: "Miaka 34 na umeniletea nusu kikombe." Nikaandika kwamba mwaka ule sikupanda na kikombe chochote. Nilipanda na maneno, nikamtaka ayatie sahihi. Alisoma, akanirudishia daftari.

Kisha nikatoa ukurasa wa 1991. Sikumwomba atie sahihi. Nilimwambia, kwa mdomo wangu, aandike alichokijua yeye, kama kuna chochote. Akauweka juu ya daftari la mjukuu. Herufi zake ni zile zile. Nimekunakilia hapa alivyoandika kwenye mstari wa shahidi, chini ya ule mstari wa msimamizi:

"Nilishika kamba. Mita kumi na nne. Sikuona kitu. Saa nne na dakika ishirini alivuta mara tano. Ishara ya tano haipo. Niliogopa. Alipotoka majini alikuwa anacheka. S."

Mimi sikumbuki kuvuta. Wala sikumbuki kucheka. Na Seth hakujua kuhusu mivuto yako mitano: kwenye nakala niliyompa niliikata sehemu hiyo kwa mkasi kabla sijatoka nyumbani, kwa sababu nilijua utaniuliza shahidi wangu aliambiwa nini kwanza.

Taarifa yako nimeirudisha humu ndani. Kwenye mstari wa shahidi nimeandika ninachokijua: mita tisa, mara tano, chupa ya tatu tamu. Seth ametaka kujua unaogelea vipi. Nimemwambia unakunja vidole.

Mjomba wako,
Crispus Mumo